Ijumaa saa kumi, dukani kwa shangazi yao

Kuna sentensi moja katika amri za mahakama kuhusu watoto ambayo ningepewa kalamu ningeifuta. Ni ile inayosema kwamba mzazi asiyeishi na watoto "ataruhusiwa kuwaona kwa nyakati zinazofaa." Inasomeka kwa adabu. Wakili wa huku anaikubali, wa kule anaikubali, hakimu anatia sahihi, karani anagonga muhuri, watu wanatoka nje wakipeana mikono. Halafu Jumamosi inafika. Baba anaona inafaa asubuhi, maana mchana ana lori la kutoa mpakani. Mama anaona haifai, mtoto ana tuisheni. Bibi mzaa mama anaona haifai hata kidogo, kwa kuwa huyo baba hajaleta kitu tangu mwezi wa tatu. Wote watatu wanaitegemea karatasi ileile, na karatasi inawaunga mkono wote watatu.

Nasema haya nikiwa shangazi. Nina duka la jumla hapa Busia, upande wa Uganda: mafuta ya kupikia, sukari, sabuni za mche, unga. Duka hilo limeandikwa ndani ya amri ya mahakama iliyopanga malezi ya watoto wa mdogo wangu, kwa sababu ndipo wanapokabidhiwa. Mama yao anaishi Mbale. Kwangu bado ni wifi na nitamwita hivyo mpaka nizikwe. Walioachana ni wao, mimi sikuachana na mtu. Mdogo wangu ni wakala wa forodha, siku zake zinaishia kati ya Busia na Malaba akikimbizana na makaratasi ya malori. Wana binti mmoja na mvulana mmoja. Majina siyaweki. Makala haya niliwasomea wote wawili kabla ya kuyatoa. Wifi akakata sehemu moja, mdogo wangu akataka iongezwe nyingine, nami nimewasikiliza.

Jambo kama hili kwetu halianzii mahakamani. Lilianzia nyumbani kwa baba mkubwa, viti vimepangwa chini ya mwembe, na wazee walikuja na jibu lao tayari: watoto hufuata ng'ombe. Ng'ombe walitolewa, walihesabiwa mbele ya mashahidi, basi watoto ni wa ukoo wetu, mama aende zake. Wajomba wa upande wa pili wakajibu kwamba kama ni hivyo watawarudisha hao ng'ombe na kuchukua watoto wao. Nilikuwa pembeni na wanawake wenzangu tukichambua mboga, tukisikiliza watoto wawili wakipimwa kwa mifugo.

Kuhusu kurudisha ng'ombe, sheria imekwisha kusema. Agosti 2015 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la MIFUMI la hapa jirani Tororo, kwamba kudai mahari irudishwe ndipo ndoa ya kimila ivunjike ni kinyume cha katiba. Kuhusu watoto ilisema zamani zaidi. Katiba ya 1995, ibara ya 31, inawapa mume na mke haki sawa wanapooana, wakiwa ndani ya ndoa na wanapoachana, na ibara hiyohiyo inasema kutunza na kulea watoto ni haki na wajibu wa wazazi. Sheria ya Watoto, iliyoanza kutumika 1997 na kufanyiwa marekebisho 2016, inamtaka hakimu aweke ustawi wa mtoto mbele ya kila kitu. Aangalie mtoto mwenyewe anataka nini, kulingana na umri na uelewa wake. Aangalie mahitaji yake ya mwili, ya moyo na ya shule, mabadiliko yatamfanya nini, na kama kuna madhara yaliyompata au yanayomnyemelea. Ng'ombe hawamo. Ukoo haukuguswa: binti bado ni Msamia, ana jina la bibi yake, na kaburi la babu yake analijua. Hakuna hakimu aliyewahi kumnyang'anya hayo. Mahakama iliulizwa swali dogo kuliko la wazee, nalo ni nani atamwamsha mtoto aende shule.

Baada ya mwembe tulikwenda kwa LC1, yaani baraza la kijiji. Wengi hawajui kwamba kisheria makamu mwenyekiti wa kijiji ndiye anayeshika masuala ya watoto. Wanamfuata mwenyekiti, mwenyekiti ana shughuli zake, wanarudi nyumbani wakisema LC haina msaada. Kisha ofisi ya probesheni wilayani. Afisa wa probesheni ni mtu ambaye ningependa kila familia iliyogombana imjue mapema. Anaita pande zote, anakwenda kuona mtoto analala wapi, na mambo yakifika mahakamani hakimu anaweza kumtaka aandike ripoti. Aliyeshughulika na sisi alifika mpaka kwa wifi Mbale, akafunua chandarua, akauliza maji yanatoka wapi. Kwa mdogo wangu alikuta kitanda kimoja na matairi mawili ya lori chumbani. Wiki iliyofuata matairi yalikuwa nje na kitanda cha pili kimeingia. Yaani ukaguzi ulifanya kazi kabla hata ya kesi.

Mahakama ya Familia na Watoto haifanani na zile za kwenye filamu. Sheria inataka ikae faragha, bila makeke, hakimu akiuliza na kuchunguza badala ya mawakili kurushiana maneno juu ya kichwa cha mtoto, na ikae jengo jingine au siku nyingine tofauti na kesi za kawaida. Sisi tulikaa chumba cha nyuma, viti vya plastiki, feni imekufa. Wifi alikuwa na wakili wa msaada wa kisheria, mdogo wangu alikuwa na mdomo wake tu. Watoto walipewa mama, jambo ambalo halikumshangaza mtu: mahakama zetu kwa kawaida humwacha mtoto mdogo kwa mama yake isipokuwa kama pana sababu nzito, na kijana alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza. Baba alipe karo na matunzo, awe na watoto nusu ya likizo za shule, na hapo katikati aruhusiwe kuwaona kwa nyakati zinazofaa. Ilikuwa 2019.

Ugomvi wa mwaka ule sitausimulia wote. Nitaje tu siku ambayo mdogo wangu alisafiri hadi Mbale na kuku wawili na daftari jipya, akaambiwa watoto wako kanisani, akangoja nje ya geti mpaka giza likaingia, kumbe wako kwa mjomba mtaa wa pili. Na siku nyingine wifi aliwaandaa, akawavalisha, wakakaa na viatu miguuni tangu asubuhi, na baba hakuja wala hakupiga simu kwa sababu lori lilizuiwa. Kila mmoja alikuja kwangu akiwa na hakika kwamba mwenzake amevunja amri. Niliisoma ile amri kwa makini. Hakuna aliyekuwa ameivunja, maana haikuwa na kitu cha kuvunjika.

Halafu ikaja 2020. Machi shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na sote tunajua kilichofuata: madarasa ya mitihani yakarudi Oktoba, wengine kwa awamu, Juni 2021 zikafungwa tena, na milango haikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka 10 Januari 2022. Ni nchi chache sana duniani, kama zipo, zilizofunga shule muda mrefu hivyo. Sasa irudie amri: nusu ya likizo. Je, hii ni likizo? Mdogo wangu akasema ndiyo, shule zimefungwa, nataka nusu yangu. Wifi akasema hapana, serikali imefunga shule ili kila mtu akae alipo. Hata wakili angekuna kichwa. Usafiri wa umma ulisimamishwa, na ulipoanza tena kwingine sisi wa wilaya za mpakani tuliachwa tukisubiri. Juu ya hayo, mwaka ule hakuna watu walioogopwa kama madereva wa malori. Foleni za Busia na Malaba zilikuwa haziishi, wanasubiri majibu ya vipimo, na mdogo wangu ugali wake ulikuwa katikati yao. Wifi hakutaka watoto walale nyumba ile. Mimi, dada yake wa tumbo moja, nilimuunga mkono wifi, na kwa miezi kadhaa mdogo wangu hakununua hata kiberiti dukani kwangu.

Walibaki na simu. Simu nayo ikaharibika kwa njia yake: kila baba alipopiga aliuliza mama yuko wapi, nani alikuja jana, mnakula nini. Kijana akawa akiona simu inaletwa anakimbilia chooni.

Shule zilipofunguliwa walirudi kwa probesheni wakiwa wamechoka zaidi ya kukasirika, na nadhani uchovu huo ulisaidia. Afisa aliwawekea karatasi tupu mezani. Hakuuliza nani alimkosea nani. Aliuliza siku gani, saa ngapi, wapi, nauli ya nani. Walipokwama aliruka akaenda swali linalofuata, kisha akarudi. Walichokubaliana kikapelekwa kwa hakimu, kikatiwa sahihi, kikawa amri kama amri nyingine yoyote. Watu wengi hudhani amri ya mahakama ni kitu ambacho hakimu anakitoa kichwani mwake. Nilizowahi kuziona mimi, na tangu duka langu liingie kwenye hii nimeletewa za watu wengi kuzisoma, zile zinazofanya kazi karibu zote ziliandikwa na wazazi wenyewe na hakimu akazipa nguvu.

Hii ya pili inasema hivi. Ijumaa moja kwa baba, Ijumaa inayofuata wanabaki kwa mama. Saa kumi jioni, dukani kwangu. Anayewaleta ni wifi au mtu ambaye jina lake limo kwenye karatasi, si yeyote aliyepatikana. Nauli ya kuja ni ya mama, ya kurudi Jumapili ni ya baba. Baba akichelewa zaidi ya saa nzima bila kupiga simu, watoto wanalala kwangu na asubuhi wanarudi Mbale, zamu yake imepita. Simu ni Jumatano baada ya chakula cha jioni, na anayepiga haulizi habari za mwenzake. Shule zikifungwa kwa sababu yoyote nje ya ratiba ya wizara, mzunguko wa Ijumaa unaendelea kama ulivyo. Krismasi mwaka huu kwa baba, mwaka ujao kwa mama, na mabadilishano ni tarehe 23 saa sita mchana. Wakili mmoja kijana aliyekuja kununua sukari aliisoma akacheka, akasema hii si amri, hii ni ratiba ya basi. Nikamwambia basi ndilo linalofika.

Kuna kifungu cha mpaka pia, na kwa sisi wa huku ndicho kilichobishaniwa zaidi. Busia mpaka ni hatua chache. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso vivyo hivyo. Shangazi mwingine wa watoto hawa ameolewa upande wa Kenya. Mtoto anaweza kunywa chai Uganda na kula chakula cha mchana Kenya asijue kwamba amesafiri. Lakini amri ya hakimu wa Uganda ukivuka nayo haimwamrishi askari wa kule. Kama mtu ameamua kumficha mtoto upande wa pili, una safari mpya ya mahakama mbele yako. Kwa hiyo waliandika: hakuna kuvuka na watoto bila kumwandikia mzazi mwingine ujumbe kwanza, na pasipoti za watoto zinakaa kwa mama. Mdogo wangu alinung'unika kwamba wanamfanya mwizi wa watoto wake. Afisa akamuuliza kama angependa wifi awe na uhuru wa kuvuka nao bila kumwambia. Akatia sahihi.

Jambo jingine dogo: karatasi zote zilitoka kwa Kiingereza. Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, ila mtu wa kawaida akitoka mahakamani bado anatoka na ukurasa ambao mama yake hawezi kuusoma. Bibi wa Mbale ndiye anayekaa na watoto wifi akiwa kazini, na bibi hakuwa na habari kamili ya kilichoandikwa. Alikuwa akifuata alichoambiwa na binti yake siku akiwa na hasira. Nilikaa na daftari nikaandika vifungu vyote kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, wifi akabandika ukutani karibu na kalenda ya kanisa. Nimesikia bibi sasa ndiye anayewakumbusha Ijumaa.

Niingie kwenye pesa, maana ndiko walikotaka niingie wote wawili. Sheria inasema mzazi, awe anaishi na mtoto au haishi naye, anawajibika kwa elimu, chakula, mavazi, makazi, matibabu na chanjo. Amri ya kwanza ililitafsiri hilo kwa kusema baba atalipa karo na kiasi fulani cha matunzo kila mwezi. Karo alilipa, risiti ya benki anayo. Muhula ukafunguliwa, binti akafika getini na karo iliyolipwa yote, akarudishwa nyumbani kwa sababu hana fyekeo. Yeyote aliyesomesha Uganda anaijua ile orodha ya mahitaji inayokuja na ripoti: rimu ya karatasi, fagio la ndani, fagio la nje, karatasi za chooni, sukari, sabuni ya unga, na safari hii fyekeo. Mama alisema mahitaji ni sehemu ya karo. Baba alisema karo ni karo. Walikuwa wanabishana juu ya fyekeo kwa ukali ambao hawakuuonyesha hata siku ya talaka. Sasa imeandikwa: orodha ikitoka inapigwa picha, inatumwa kwa baba, vitu vya kula na usafi ni vya mama, vingine vyote ni vya baba, na vinanunuliwa kabla ya wiki ya kufungua. Sabuni na sukari wananunua kwangu, sikatai.

Matunzo yenyewe yanakwenda kwa simu, na wifi hafuti ujumbe hata mmoja. Namsifu. Nimeona wanaume walioleta pesa mkononi miaka na miaka wakasimama mahakamani bila ushahidi, na wanawake walioahidiwa mbele ya wazee wakiwa na ahadi tu. Ila kuna jambo ambalo mimi na wifi tulizozana sana. Miezi ambayo pesa haikuja alitaka kuwazuia watoto Ijumaa. Nilimwambia, na nasema hapa wazi: kumwona baba siyo kodi ya nyumba. Pesa haikuja, kuna njia yake ya kurudi mahakamani kudai utekelezaji, na aliitumia, na mdogo wangu alilipa malimbikizo akitoa jasho. Vivyo hivyo kwa wanaume wanaosema kwa kuwa sioni mtoto silipi. Mtoto anayenyimwa chakula kwa sababu mama ni mkaidi amekosa nini? Mwaka 2023 nchi nzima iliposhikwa na homa ya vipimo vya DNA, nilisikia wateja wangu wakisema kwa sauti kwamba hawatalipa hata shilingi mpaka wapime, watu ambao watoto wao wana nyuso zao kabisa.

Sehemu aliyotaka mdogo wangu niongeze ni ya siku ya kutembelea. Binti alipoingia shule ya bweni, nusu ya amri yetu ilibaki hewani, kwa sababu ukweli wa Uganda ni kwamba mtoto wa sekondari anaishi na shule. Baba na mama wanagawana likizo na zile Jumapili chache za kutembelea. Amri haikusema kitu kuhusu Jumapili hizo. Shule ilitoa kadi moja ya kuingilia kwa kila mwanafunzi, kadi ikaenda na mama. Mdogo wangu akafika getini na sufuria ya kuku imefungwa kwa kitambaa, mlinzi akamwambia mzazi wa mtoto huyu amekwisha kuingia. Alisimama pale na nakala ya amri, mlinzi anaisoma juu chini, mpaka mwalimu mmoja akamwonea huruma akamwingiza. Ndani, uwanja umejaa familia zimekaa kwenye nyasi. Wifi alikuwa ametandika mkeka chini ya mti na pilau na soda. Mdogo wangu hakuweza kukaa kwenye mkeka ule na hakuweza kurudi. Akanunua gazeti kwa mtu, akalitandika hatua ishirini kutoka hapo. Binti akala pilau sahani nzima kwa mama yake, akanyanyuka, akaenda akala kuku kwa baba yake mpaka mfupa, akarudi kwa mama akala nanasi. Jioni aliugua tumbo, matroni akampa dawa.

Tangu hapo nakala ya amri iko ofisini kwa mwalimu mkuu, kadi ni mbili, na wanapokezana: mmoja Jumapili ya muhula huu, mwingine ya muhula ujao. Wifi anasema ni afadhali hivyo. Mimi ningependelea waweze kukaa mkeka mmoja kwa saa mbili tu, lakini si mimi niliyeishi ndani ya ndoa ile.

Jirani yangu mmoja wa mtaa wa nyuma alinifundisha pengo jingine. Yeye ndiye aliyepewa watoto, amri safi kabisa, saa zimeandikwa. Kisha akapata kazi za ndani Saudia, kama mabinti wengi wa huku, akapanda ndege akawaacha watoto kwa mama yake. Baba akaja siku isiyo ya zamu akidai kwamba aliyepewa malezi hayupo, hivyo watoto ni wake. Bibi hakuwa na karatasi yoyote yenye jina lake. Hospitali nayo ilimuuliza bibi yeye ni nani wa mtoto. Kama mmoja wenu ana mpango wa kwenda Ghuba, au kazi yake ni ya uhamisho, rudini mahakamani kabla ya safari, iandikwe nani anabaki na watoto na baba atawaona namna gani wakati huo. Baba yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haki ya kuulizwa.

Yote niliyoeleza yanafaa kwa watu waliochokana tu. Palipo na kipigo, msitafute duka la shangazi. Tangu 2010 tuna Sheria ya Ukatili wa Majumbani, mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi, na makabidhiano, kama yapo, yafanyike mbele ya afisa wa probesheni au kwenye dawati la polisi la watoto na familia, wazazi wasionane kabisa. Mtoto anayeumizwa, au mtu mzima anayejua kwamba mtoto anaumizwa, apige 116, simu ya Sauti, ni bure. Wanawake wawili wameniomba duka langu liandikwe kwenye amri zao nikakataa, kwa sababu wanaume wao nawajua, na mimi nina kufuli moja tu.

Binti sasa ni mkubwa. Mwaka jana alisema hataki tena kila zamu ya Ijumaa wakati wa likizo, na mdogo wangu aliposikia alidhani ni maneno ya mama. Afisa alimsikiliza binti peke yake. Hakuwa na neno la kumchagua huyu au yule. Alitaka sanduku lake la bati la shule likae nyumba moja likizo nzima. Amechoka kulipanga na kulipangua, vitu vinapotea, mara sketi iko Busia, mara kitabu cha hesabu kiko Mbale. Basi likizo ya Mei anakaa kwa mama moja kwa moja, ya Agosti kwa baba moja kwa moja, ya Desemba inagawanywa siku ile ya tarehe 23. Hakimu alibadilisha amri bila mabishano. Mdogo wangu alinunua kabati.

Kijana yeye bado ni wa Ijumaa. Ila mwakani anaingia darasa la saba, na shule yake imetangaza kwamba wa darasa la saba watasoma Ijumaa mpaka jioni na Jumamosi asubuhi baadhi ya wiki. Wifi ameniandikia anataka zamu ihamie Jumamosi saa nane mchana. Mdogo wangu anataka saa sita, anasema kwa kuwa atabaki na usiku mmoja tu, angalau apate na mchana wake. Nimewaambia wamalizane mbele ya probesheni kabla ya muhula kufunguliwa Februari. Duka Jumamosi liko wazi kutoka saa moja asubuhi, kwangu ni sawa.